Pedali ya gita: kabla ya kutoa dola zako, uliza sauti itatokea wapi

Jumapili ile nilifika kanisani mapema kuliko wengine wote. Ndani ya mfuko wa gita nilikuwa na pedali mpya ya distosheni, niliyoinunua kwa akiba ya miezi minne. Nilikuwa nimeisikia katika video za mtandaoni: sauti nene, inayolia na kudumu. Nikachomeka gita kwenye pedali, na pedali kwenye mikseri, na mikseri ikapeleka sauti kwenye bafle mbili kubwa za kanisa. Katika wimbo wa tatu nikaikanyaga ili nianze solo. Ikatoka sauti kama ya nyuki waliofungiwa ndani ya mkebe. Mama mmoja wa kwaya aligeuka kunitazama. Mtu wa sono hakungoja kuambiwa: alishusha gita langu mpaka chini, na likabaki huko hadi baraka ya mwisho.

Kwa muda mrefu nililaumu pedali. Kumbe ilikuwa pedali nzuri, niliyoichomeka mahali pasipoifaa. Tangu hapo nimekutana na vijana wengi wa hapa kwetu, wa makanisa na wa vikundi vya muziki, wenye hadithi inayofanana na yangu. Wanachagua pedali kwa jina, au kwa sababu mpiga gita fulani wa Ulaya anaitumia. Baadaye wanaiuza kwa nusu ya bei na kutafuta nyingine.

Makala haya ni kwa ajili yao. Kabla ya kuuliza pedali gani ni bora, kuna maswali matatu ya kujibu. Sauti ya gita lako itatokea kwenye kifaa gani? Unapiga muziki gani? Na umeme wako unatoka wapi? Jina la pedali ni swali la nne.

Pedali inafanya nini hasa

Mikro za gita, zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi, hutoa umeme mdogo unaopanda na kushuka kama mawimbi ya ziwa. Ampli huukuza umeme huo. Lakini kila kifaa kina dari yake. Wimbi likikuzwa kupita dari hiyo, kichwa chake hukatwa.

Wimbi lililokatwa kichwa halisikiki tena kama lilivyoingia. Ndani yake huzaliwa sauti nyingine za juu ambazo hazikuwepo, na noti inakuwa nzito na yenye kukwaruza. Pia noti hudumu zaidi, kwa kuwa kilele chake kimezuiwa huku sehemu zake dhaifu zikiendelea kukuzwa.

Pedali za ovadraivu na distosheni zinafanya kazi hiyo kwa makusudi. Katika nyingi kati yake, wanaokata ni diodi mbili tu, vile vipande vidogo ambavyo fundi redio anavyo kwenye kikopo mezani pake. Tofauti kubwa inatokana na mahali diodi hizo zilipowekwa.

Katika ovadraivu kama Tube Screamer ya Ibanez, diodi zimewekwa kwenye njia inayorudisha sauti ndani ya sehemu ya kukuza. Wimbi linapinda polepole, kama kilima kilicholainishwa na mvua. Katika distosheni kama DS-1 ya Boss, diodi zimewekwa baada ya sehemu ya kukuza, na kila kinachozidi kinamwagwa chini. Hapo kilima kinakatwa kwa panga, na sauti inakuwa kali zaidi.

Sauti iliyozaliwa na vyombo vibovu

Mwanzoni hakuna aliyeitafuta sauti hii. Mwaka 1951 bendi ya Ike Turner ilisafiri kutoka Mississippi hadi Memphis, Marekani, kurekodi wimbo "Rocket 88". Ampli ya mpiga gita Willie Kizart iliharibika njiani. Inasimuliwa kwamba waliijaza karatasi ili spika itulie, wakarekodi hivyo hivyo. Mwaka 1964 huko London, Dave Davies wa kikundi cha Kinks alichana spika yake kwa wembe, na sauti hiyo ikaingia katika wimbo "You Really Got Me".

Pedali yenyewe ilitokana na mikseri mbovu. Mjini Nashville, wakati wa kurekodi wimbo wa Marty Robbins "Don't Worry", uliotoka mwaka 1961, chaneli moja ya mikseri iliharibika na kulifanya gita la besi la Grady Martin likorome. Fundi wa sauti Glenn Snoddy hakuitupa sauti hiyo. Pamoja na mwenzake Revis Hobbs, alitengeneza kifaa kidogo cha transista kinachoiiga. Kampuni ya Gibson ilikiuza tangu mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Wanunuzi walikuwa wachache mpaka mwaka 1965, pale Keith Richards wa Rolling Stones alipokitumia katika "Satisfaction". Ndipo kila mtu akakitaka.

Hapa Kongo pia tunaijua sauti hii, ingawa ilipita njia nyingine. Huko Kinshasa, katika miaka ya 1960, Mawangu Mingiedi alianzisha kikundi kilichokuja kujulikana kama Konono No. 1. Alitaka likembe isikike juu ya kelele za mtaa. Akatengeneza mikro kwa kutumia sumaku za vipuri vya magari makuukuu, na vyombo vya kukuza sauti vya kuungaunga. Likembe zikatoka zikikwaruza kwa nguvu. Mwaka 2004 albamu yao "Congotronics" ilitolewa na kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji, na watu wa muziki wa roki huko Ulaya na Marekani walishangaa kusikia distosheni iliyozaliwa bila pedali.

Hadithi zote hizi zina jambo moja. Sauti ile ilitoka kwenye mnyororo mzima: chombo, mikro, ampli, spika. Anayenunua pedali ananunua pete moja tu ya mnyororo huo.

Familia tatu

Ya kwanza ni ovadraivu. Boss ilitoa OD-1 mwaka 1977, Ibanez ikatoa Tube Screamer TS808 mwaka 1979, na Boss ikaja na SD-1 mwaka 1981. Hizi zinaiga ampli ya taa iliyosukumwa kidogo kupita uwezo wake. Ukipiga kwa ukucha laini, sauti inabaki karibu na safi. Ukipiga kwa nguvu, inakwaruza. Tube Screamer na ndugu zake hupunguza besi na kuinua sauti za kati. Ndiyo maana solo yake hupenya katikati ya ngoma na kinanda, na ndiyo maana mtu akiipiga peke yake chumbani anaweza kuiona nyembamba.

Ya pili ni distosheni. RAT ya kampuni ya ProCo ilianza kutengenezwa Kalamazoo, Marekani, mwaka 1978. Mwaka huo huo Boss ilitoa DS-1, ile ya rangi ya machungwa. Hizi zina uzito wao wenyewe na hazingoji msaada wa ampli. Mwaka 1991 ikaja Metal Zone ya Boss, kwa wale wanaopiga metali. Ukinunua RAT, kumbuka kwamba kitufe chake cha Filter kinakwenda kinyume cha mazoea: ukikizungusha kulia, sauti inazidi kuwa na giza.

Ya tatu ni fazi, mzee wa wote. Fuzz Face ya London ilianza mwaka 1966 na Jimi Hendrix akaifanya maarufu. Big Muff ya Electro-Harmonix ya New York ilifuata mwaka 1969. Fazi hulikata wimbi karibu liwe mraba. Kwa noti moja moja ni tamu. Kwa akodi kamili mara nyingi ni ugali uliomwagikiwa mchuzi wa kila namna.

Maneno yaliyoandikwa juu ya sanduku yasikutawale. Kuna pedali inayoitwa ovadraivu ambayo ikifunguliwa hadi mwisho inafika mbali sana, na kuna ya distosheni ambayo ikishushwa inakuwa laini. Sikio ndilo linaloamua.

Swali la kwanza: sauti inatokea wapi?

Hapa ndipo mimi nilipopotea. Spika ya ampli ya gita si kama bafle ya sono. Spika ya gita, ile ya inchi 10 au 12, haipitishi vizuri sauti zinazozidi hezi 5,000 hivi. Inazimeza. Bafle ya kanisa au ya ukumbi imetengenezwa ipitishe kila kitu, kuanzia besi mpaka karibu hezi 20,000, ili sauti ya mwimbaji na sahani za ngoma zisikike wazi.

Distosheni inazalisha sauti nyingi za juu. Zikipita kwenye spika ya gita, zile mbaya zinachujwa na kinachobaki ni joto. Zikipita moja kwa moja kwenye bafle ya sono, zote zinatoka. Hao ndio nyuki wangu. Hata pedali ya dola 300 itatoa nyuki ikiwekwa pale.

Kwa hiyo angalia ulicho nacho. Ukiwa na ampli ya taa, chagua ovadraivu. Weka kitufe cha Drive chini na Level juu, na pedali itaisukuma ampli ikoromee yenyewe. Stevie Ray Vaughan alitumia Tube Screamer mbele ya ampli zake zilizofunguliwa sana, na wapiga gita wengi wa blues wanafuata njia hiyo mpaka leo.

Ukiwa na ampli ya transista, ambayo ndiyo tunayoikuta mara nyingi zaidi, usiisukume hivyo, kwa sababu transista ikizidiwa hukata vibaya. Weka ampli kwenye sauti safi, na uiachie pedali kazi yote ya kukwaruza. Hapo distosheni kama RAT au DS-1 inafaa, au ovadraivu yenye nguvu ya kutosha peke yake.

Ukiwa huna ampli, na gita lako linakwenda mikserini moja kwa moja, unahitaji kitu cha kuiga spika. Kampuni ya Tech 21 ya New York ilitoa SansAmp mwaka 1989 kwa ajili hiyo hasa: gita liende mikserini bila ampli na bado lisikike kama limepita kwenye ampli. Leo kuna pedali za bei nafuu zenye wazo hilo, kama American Sound ya Joyo ya Uchina. Kuna pia vifaa vya kidijitali vyenye athari nyingi ndani ya sanduku moja, kama G1 Four ya Zoom, ambavyo vinaiga ampli na spika pamoja. Kwa kijana wa kanisa asiye na ampli, kifaa kama hicho kitamsaidia kuliko pedali tatu za majina makubwa.

Kama tayari umenunua pedali ya kawaida na mikseri ndiyo njia yako pekee, usikate tamaa. Shusha Drive mpaka robo, shusha Tone, na umwombe mtu wa sono apunguze sauti za juu kwenye chaneli yako. Haitakuwa tamu kama ampli, lakini nyuki watapungua.

Kuna jambo jingine ambalo wachache wanalijua. Gita la kawaida likichomekwa kwenye tundu la kawaida la mikseri hupoteza nguvu na uangavu, kwa kuwa tundu hilo halikutengenezwa kupokea umeme dhaifu wa mikro za gita. Pedali za Boss na Tube Screamer zina sehemu inayoimarisha sauti hiyo hata zikiwa zimezimwa kwa mguu. Wakati mwingine kuiweka tu katikati kunalifanya gita safi lisikike vizuri zaidi.

Swali la pili: unapiga muziki gani?

Rumba yetu, ambayo UNESCO iliiandika mwezi Desemba 2021 katika orodha ya urithi wa binadamu, imejengwa juu ya gita safi. Akompa, mi-solo na solo hufumana kama nyuzi za mkeka, na kila moja lazima isikike peke yake. Ukiweka distosheni nzito juu ya mi-solo, mkeka unafumuka.

Sababu ni ya kifundi. Noti mbili zikikatwa pamoja, hazibaki mbili. Huzaa noti za pembeni ambazo hakuna aliyezipiga. Noti mbili zinazopatana sana, kama mzizi wa akodi na noti yake ya tano, huzaa noti za pembeni zinazopatana nazo, na ndiyo maana wapiga roki hupenda akodi za namna hiyo. Akodi kamili ya noti nne au tano huzaa noti nyingi zinazogombana. Hapo ndipo inapotokea ile sauti ya matope.

Kwa hiyo anayepiga sebene na anataka uzito kidogo tu achague ovadraivu laini, Drive ikiwa chini kabisa, ili kila noti ibaki na mwanzo wake. Blues Driver ya Boss, iliyoanza mwaka 1995, inajulikana kwa kufuata mkono wa mpigaji kwa namna hiyo. Anayepiga nyimbo za sifa kanisani, zenye akodi ndefu kisha solo, anaweza kutumia ovadraivu yenye sauti za kati, akiikanyaga wakati wa solo tu. Anayepiga roki ndiye mwenye haja ya kweli ya distosheni.

Angalia pia mikro za gita lako. Zile nyembamba za koili moja ni angavu lakini huvuma, na pedali hukuza uvumi huo pamoja na noti. Zile pana za koili mbili hazivumi sana na zina nguvu zaidi, kwa hiyo zinafika kwenye kukwaruza mapema. Pedali ile ile inaweza kuwa laini kwenye gita la rafiki yako na kali kwenye la kwako.

Swali la tatu: umeme unatoka wapi?

Hili haliandikwi sana katika majarida ya Ulaya, lakini kwetu linaweza kuamua kila kitu. Umeme unakatika katikati ya ibada, jenereta inawashwa, nguvu inapanda na kushuka. Pedali lazima ivumilie yote hayo.

Habari njema ni kwamba ovadraivu na distosheni za kawaida hazina njaa. Nyingi hutumia chini ya miliampea 20 za volti 9, na baadhi chini ya 10. Betri moja nzuri ya mraba ya volti 9 inaweza kuziendesha kwa makumi ya saa. Betri pia haivumi, tofauti na adapta nyingi za bei ndogo. Lakini kumbuka: katika pedali nyingi, betri huanza kuliwa mara tu waya wa gita unapochomekwa kwenye tundu la kuingilia, hata kama taa haiwaki. Ukimaliza kupiga, chomoa waya. Wengi hununua betri kila juma kwa sababu ya kusahau jambo hilo tu.

Vifaa vya kidijitali vinakula zaidi, na vingi havikubali betri. G1 Four niliyoitaja hukubali betri nne za AA, na hiyo ni sifa ya kuihesabu kwa nchi yetu.

Sasa adapta. Pedali nyingi zinataka volti 9 za moja kwa moja, na katikati ya plagi kuwe hasi. Adapta nyingi za modemu na za vifaa vya nyumbani ni kinyume: katikati ni chanya, na mara nyingine ni volti 12. Plagi inaingia vizuri kabisa, na hapo ndipo hatari ilipo. Pedali yangu ya pili niliiua hivyo jioni moja kabla ya mazoezi. Nilisikia mlio mdogo, kisha harufu. Soma mchoro ulio karibu na tundu la pedali, ulinganishe na mchoro ulio kwenye adapta. Kama hailingani, usichomeke. Vilevile usiunganishe pedali moja kwa moja kwenye batri ya volti 12 ya paneli za jua, isipokuwa kama imeandikwa kwamba inakubali volti hizo.

Uliza pia pedali inafanya nini umeme ukiisha. Pedali za namna ya Boss zikikosa umeme hunyamazisha gita kabisa. Nyingine zina swichi inayopitisha sauti moja kwa moja zikizimwa, hata bila umeme. Kila namna ina faida yake, lakini ni vizuri ujue kabla ya Jumapili ya sikukuu.

Bei, majina na nakala

Huko Massachusetts, Marekani, Bill Finnegan alianza mwaka 1994 kuuza pedali aliyoiita Klon Centaur. Alitengeneza takriban 8,000 tu, na akamwaga gundi nyeusi juu ya vipande vya ndani ili watu wasiviige. Leo moja iliyotumika huuzwa kwa maelfu ya dola. Hata hivyo siri ilifichuliwa, na sasa kuna kampuni nyingi zinazouza nakala zake kwa bei ndogo sana, na wapiga gita wazuri wanazitumia bila aibu. Sehemu kubwa ya bei ya ile ya zamani ni uhaba na sifa.

Hali ni hiyo hiyo kwa nyingine. TO800 ya Behringer inafuata mpango wa Tube Screamer kwa bei ndogo zaidi. Sanduku lake ni la plastiki, na mguu mzito utalichosha. Ukiwa mtu wa kubeba vyombo kwa pikipiki kila juma, sanduku la chuma ni pesa iliyotumika vizuri. Ukipiga nyumbani na kanisani tu, plastiki inaweza kukutosha miaka.

Jihadhari na kitu kimoja: nakala yenye jina lake yenyewe ni bidhaa halali, lakini pedali yenye jina la Boss ambayo maandishi yake yamepinda na bei yake inashangaza ni ya kutiliwa shaka. Hapo unalipa jina bila kupata kazi.

Namna ya kuijaribu

Nenda dukani au kwa muuzaji na gita lako mwenyewe. Kama inawezekana, jaribu kwenye kifaa kinachofanana na kile utakachotumia.

Kwanza linganisha nguvu. Pedali ikiwashwa na ikizimwa, sauti iwe na kimo kimoja. Tumia kitufe cha Level mpaka ziwe sawa. Sikio la mtu hudhani kilicho juu zaidi ndicho kizuri zaidi, na wauzaji wanalijua hilo.

Pili, piga akodi kamili na usikilize kama noti zote zipo. Kisha punguza kitufe cha sauti cha gita mpaka nusu. Pedali nzuri itasafika. Mbaya itanyong'onyea na kuwa na blanketi.

Tatu, nyamaza. Acha nyuzi zishikwe na mkono, na usikilize uvumi uliobaki.

Nne, kama imetumika, zungusha kila kitufe polepole. Kikikwaruza, kina vumbi au kimechoka. Kanyaga swichi mara kumi. Tikisa waya kwenye matundu. Fungua nafasi ya betri uone kama kuna kutu. Fundi redio anaweza kurekebisha mengi kati ya hayo, lakini bei ishushwe kwanza.

Mwishowe, ikiwezekana ijaribu pamoja na ngoma na kinanda. Sauti inayofurahisha chumbani, yenye besi nyingi na sauti za juu nyingi, mara nyingi hupotea bendi ikianza. Ile iliyoonekana nyembamba ndiyo inayosikika.

Pedali ile ile

Ile pedali yangu ya kwanza sikuiuza. Rafiki mmoja aliniazima ampli ndogo ya transista. Tuliiweka juu ya kiti, tukaelekeza mikrofoni ya waimbaji karibu kabisa na kitambaa cha spika, na mikrofoni hiyo ndiyo ikaenda mikserini. Nilishusha kitufe cha Distortion mpaka robo, chini sana kuliko katika zile video.

Wimbo wa tatu, nikaikanyaga. Mtu wa sono alinyanyua mkono kuelekea chaneli yangu, akasikiliza, kisha akaurudisha gotini. Yule mama wa kwaya aliendelea kuimba akitazama mbele.